Jinsi ya kuanzisha kikundi cha waandishi na wasomaji kanisani kwenu

Bwana Yesu asifiwe.

Tangu kikundi chetu kitoe kijarida chake cha kwanza, watu wa sharika jirani hunisimamisha nje ya kanisa, na maswali ni yaleyale. Tunaanzaje? Ni lazima mtu awe na digrii? Nani atatusahihisha? Hela ya kuchapa inatoka wapi? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na kila nikifika nyumbani nakumbuka jambo nililolisahau. Basi nimeyaweka yote mahali pamoja. Mimi ni Mlutheri. Wewe ukiwa Mkatoliki, Mwanglikana, Mmoraviani au Mpentekoste, badilisha majina ya vyeo tu. Kazi ni ileile.

Kinachonisukuma ni hiki. Jumapili mama anasimama kutoa ushuhuda, kanisa zima linatulia, hata watoto. Baada ya miezi mitatu ukiwauliza waliokuwepo, kila mtu anausimulia kivyake. Baada ya miaka mitano mama kahamia kwa mwanawe mkoa mwingine, na ushuhuda umeondoka naye. Tunasema sana na kuandika kidogo, na hilo linaniuma. Waliotutangulia hawakuwa hivyo. Mwaka 1888 misheni ya Kianglikana ya UMCA pale Kiungani, Unguja, ilianza kuchapa jarida la Kiswahili liitwalo Msimulizi, likibeba habari za vituo vyake. Wakati huo hata Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa haijatoka, ilitoka 1891.

MNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Watu 4 hadi 8. Wakizidi 8, gaweni vikundi viwili, maana kila mtu anahitaji kama dakika 10 za kusomwa na kujibiwa.
- Daftari moja kubwa, la kaunta, kwa kila mtu, na kalamu mbili. Karatasi za kuokoteza zinapotea.
- Biblia za tafsiri mbili: Union Version ya 1952 ambayo wengi tunayo, na Habari Njema.
- Kamusi moja ya Kiswahili sanifu, ya kikundi kizima.
- Chumba tulivu kwa saa moja na nusu, kila baada ya wiki mbili. Angalieni ratiba ya kwaya kwanza. Kuandika huku sauti ya tatu inarudiarudia beti dirishani hakuwezekani.
- Mtu mmoja wa kushika saa. Awe na moyo wa kumwambia hata mzee, "Baba, muda wako umeisha."

Kompyuta si lazima, wala simu janja. Sisi miezi sita ya kwanza tulikuwa na madaftari tu.

HATUA ZENYEWE

1. Nenda kwa mchungaji kabla ya kumwambia mtu mwingine.

Usiende kuomba hela. Mweleze mambo matatu: mtakutana lini, mtafanya nini, na nani atasoma maandishi kabla hayajatoka yakiwa na jina la usharika. Hilo la tatu ndilo linalomkosesha usingizi. Mkubaliane mapema kwamba yeye, au mwinjilisti atakayemteua, atapitia chochote kinachochapwa. Madaftari ya watu hayapitii. Hayo ni ya kikundi. Vikundi vingi ninavyovijua vimekufa hapa: vilianza kimyakimya, wazee wa kanisa wakasikia habari zake kwa watu wengine, na wakaanza kuvishuku.

2. Waalike watu mmoja mmoja, kwa majina yao.

Ukitangaza ibadani watakuja 30 siku ya kwanza na 2 siku ya tatu. Mtafute mwalimu wa shule ya Jumapili anayebuni hadithi zake mwenyewe. Mtafute katibu wa jumuiya ambaye taarifa zake zinaeleweka ukizisoma mara moja. Mtafute kijana wa bodaboda anayejaza status ndefu usiku. Mtafute yule mama ambaye akianza kushuhudia, unaona kila kitu anachokisema. Elimu isikusumbue. Kwetu, mwandishi anayesikilizwa kuliko wote aliishia darasa la saba, na mwenye shahada mbili ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi kuacha kuandika kama anayeandika ripoti.

3. Vikao vinne vya kwanza, someni tu.

Watu hunibishia sana hapa. Wanataka kuandika tangu siku ya kwanza. Lakini asiyesoma ataandika kile alichosikia mimbarani, na kila ukurasa utakuwa mahubiri.

Anzeni na kitabu cha Ruthu. Kina sura 4, na ukikisoma kwa sauti bila haraka hakifiki nusu saa. Pokezaneni, kila mtu sura moja. Kisha ulizeni maswali ya mwandishi, mkiacha yale ya funzo la Biblia: Hadithi imeanzia wapi? (Kwenye njaa.) Ni wapi mwandishi anatuhubiria? Tafuteni; hampati. Tunajuaje basi kwamba Boazi ni mtu mwema? Kwa salamu anayowapa wavunaji, kwa bisi anazompa Ruthu, kwa masuke anayoagiza yaachwe makusudi ili ayaokote.

Kikao cha pili, Luka 15, mwana mpotevu: mistari 22 tu. Cha tatu, barua kwa Filemoni, yenye mistari 25, mwone jinsi mtu anavyoomba jambo zito kwa upole. Cha nne, kila mtu alete kitabu kimoja cha Kiswahili alichokipenda, cha dini au kisicho cha dini, asome ukurasa mmoja na kusema kwa nini. Mkiishiwa vitabu, ingieni duka la Soma Biblia au duka la vitabu la dayosisi, mchangiane mnunue kimoja, kizunguke.

Mkiwa na nafasi, someni pia 2 Timotheo 4:13. Paulo yuko kifungoni, anakaribia mwisho, na anaomba aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, "na vile vitabu". Kila nikifika kwenye mstari huo naliona joho limetundikwa ukutani kwa watu.

4. Anzeni kuandika, na muandike humohumo kikaoni.

Msipeane kazi ya kuandikia nyumbani. Nyumbani kuna watoto, kuna maji ya kuteka, kuna usingizi. Tengeni dakika 20, saa iwekwe mezani, wote wainame waandike, na kiongozi pia. Mada iwe ndogo, ya kushikika. Hizi zimetufaa:

- Chakula nilichokula siku niliyobatizwa, au siku ya kipaimara.
- Sauti ya mtu aliyenifundisha kusali.
- Siku niliyotaka kuacha kwenda kanisani.
- Kitu kimoja ndani ya nyumba ya bibi.
- Barua kwa mtu niliyemkosea (hii haisomwi hadharani mpaka mwenyewe atake).

Mada kama "Upendo" au "Imani katika nyakati za mwisho" ziacheni. Hazishikiki, na aliyeanza jana hana pa kuweka mguu.

Onyo kuhusu lugha. Wengi wetu Kiswahili cha maandishi tumekijulia kwenye Union Version, kwa hiyo mtu akishika kalamu anaanza, "Ikawa katika siku zile, nalikuwa nikienenda..." Naipenda lugha hiyo kwa moyo wote, lakini wewe huongei hivyo. Andika kama unavyomsimulia dada yako jikoni. Habakuki aliagizwa aiandike njozi iwe wazi sana, ili aisomaye apate "kuisoma kama maji." Sisi tunaitumia kama kipimo: mtu akikwama mara mbili akisoma sentensi yako, hayo si maji, ni kokoto.

5. Someaneni na mjibizane kwa utaratibu.

Mwandishi anasoma kwa sauti, kisha ananyamaza. Hajitetei wala haelezi alichokusudia. Wengine wanasema mambo matatu, kwa mpangilio huu: nimeona nini, nimepotea wapi, nataka kujua zaidi kuhusu nini. Tahajia na sarufi husahihishwa mwisho, kwa kalamu, pembeni, watu wawili peke yao. Kumtangazia mtu mzima mbele za watu kwamba ameandika "xana", au "apa" badala ya "hapa", ni kumfukuza.

Nikuonyeshe hatua hii inavyokwenda. Mama mmoja wa kwetu alileta ukurasa unaoanza hivi:

"Mungu ni mwema sana kwangu. Nilipitia kipindi kigumu cha ukata lakini Bwana alinivusha kwa namna ya ajabu. Wapendwa, nawasihi msikate tamaa, maana Mungu wetu hashindwi."

Yote ni kweli, na tuliitikia amina. Lakini hakuna aliyekuwa ameona kitu. Nikamuuliza, "Mama, tupe siku moja tu ya ukata huo. Ndani kulikuwa na nini?" Akacheka. Akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kusema, na alipomaliza tukamwomba ayaandike vilevile alivyoyasema. Kikao kilichofuata akasoma:

"Unga ulibaki nusu kilo. Niliupima kwa kikombe cha chai, vikatoka vikombe vinne. Nikapika uji mwepesi, nikawaambia watoto mimi nimeshakula kwa jirani. Wa pili akaniuliza, 'Mama, jirani gani? Si wamesafiri?' Nikatoka, nikasimama nyuma ya choo, nikalia. Nikiwa palepale nikasikia hodi."

Hakuna aliyevuta hata kiti. Aliyepiga hodi alikuwa mama wa jumuiya yake, amekuja kulipa deni la shilingi 5,000 ambalo mwenyewe alishalisahau. Kwenye ukurasa huo wa pili maneno "Mungu ni mwema" hayamo kabisa. Aliyeyasema ni mzee mmoja aliyekaa kona, kwa sauti ya chini, baada ya msomaji kufunga daftari.

Kazi yenu katika hatua hii ni kuuliza hadi unga upimwe kwa kikombe. Ulikuwa wapi? Mkononi ulikuwa na nini? Nani alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Ukishayapata hayo, punguza maneno "sana", "ajabu" na "kwa kweli" kwa nusu.

6. Waandikieni wasioandika.

Angalia Warumi 16:22. Katikati ya salamu anajitokeza mtu anaitwa Tertio, anasema yeye ndiye aliyeuandika waraka huo. Maneno ni ya Paulo, mkono ni wa Tertio. Katika kila usharika kuna wazee wenye hazina ambao macho hayaoni tena, au hawakupelekwa shule. Vijana wa kikundi wawe akina Tertio.

Kijana aende kwa miadi, siyo kwa kushtukiza. Atoe shikamoo, akae, aulize afya na mifugo, anywe chai akipewa. Daftari litoke baadaye, na simu ya kurekodi itoke kwa ruhusa. Asiulize, "Bibi, tupe historia ya kanisa." Aulize, "Bibi, kabla kengele hii haijaletwa, mlikuwa mnaitwaje ibadani?" Aandike kwa maneno ya bibi, na methali zake, hata zile za lugha ya kwao, na maana zake pembeni. Kisha arudi siku nyingine, amsomee yote. Bibi akisema "hilo liondoe," linaondoka bila mjadala. Mwishoni yaandikwe majina yote mawili: aliyesimulia na aliyeandika.

7. Tengenezeni kijarida.

Mkishakuwa na maandishi mazuri matano au sita, yatoeni. Msisubiri kitabu. Kitabu kinahitaji ISBN, yaani namba ya kukitambulisha, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kinahitaji mhariri, na hela nyingi. Kijarida kinahitaji karatasi mbili za A4 na mashine ya kopi.

Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinakupa kurasa 8. Ukurasa wa namna hiyo unabeba maneno kama 250 hadi 300 kwa herufi za saizi 11. Ukurasa wa kwanza uwe jalada, wa mwisho uwe matangazo na majina ya waandishi. Zinabaki 6 za maandishi. Kurasa zenyewe zinapangwa hivi: karatasi ya nje, upande mmoja 8 na 1, upande wa pili 2 na 7, karatasi ya ndani, 6 na 3, kisha 4 na 5. Kunja karatasi tupu kwanza, ziandike namba kwa kalamu, uzipeleke steshenari kama mfano. Sisi tuliwahi kutoa nakala 40 huku ukurasa wa 3 ukija baada ya wa 6. Mkitaka kurasa zaidi, ongezeni karatasi nzima; idadi lazima igawanyike kwa 4.

Gharama ya nakala 40 ni karatasi 80 zilizotolewa kopi pande mbili. Ulizeni bei, mgawanye kwa 40, muuze kwa bei hiyo na ziada kidogo ya toleo linalofuata. Msigawe bure. Nimeona vijarida vya bure vikifungiwa maandazi. Vya kulipia vinapelekwa nyumbani.

8. Mkizoea, wekeni maandishi mtandaoni.

Hili fanyeni mkiwa na akiba ya maandishi kumi yaliyokamilika, ili msiaibike wiki ya tatu. Andiko moja kwa wiki, siku ileile. Liwe fupi, mtu alisome ndani ya daladala bila kumaliza bando. Kwa walio Tanzania, tangu 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, na baadhi ya wachapishaji wanatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Waulizeni wao wenyewe kabla ya kufungua blogu ya kikundi.

MAKOSA YANAYOUMIZA WATU

La kwanza nalisema kwa uchungu, maana nililitenda. Niliandika kuhusu ndoa iliyoponywa, nikaficha majina, nikabadilisha mtaa. Lakini niliacha rangi ya geti. Jumapili ile mwenye geti aliniangalia kutoka upande wa pili wa kanisa, na sikusubiri matangazo yaishe. Nilikwenda kwake kuomba msamaha, nikakusanya nakala zote nilizoweza. Ushuhuda wa mtu mwingine ni mali yake. Mambo ya ugonjwa, ndoa, watoto na madeni hayatoki bila mwenyewe kusoma, au kusomewa, na kusema ndiyo. Na ndiyo ya mdomoni mbele za watu isikutoshe. Rudi ukamuulize akiwa peke yake.

La pili ni kuchukua tafakari iliyozunguka WhatsApp, kubadilisha salamu, na kuweka jina lako. Huo ni wizi, na hakimiliki ni sheria ya nchi. Ukinukuu Biblia, taja kitabu, sura, mstari na tafsiri, na unakili kwa kutazama. Usinukuu kwa kichwa, hata mistari unayoijua tangu shule ya Jumapili.

La tatu ni kutumia kalamu kumjibu mtu aliyekuudhi kwenye kikao cha wazee. Mpitiaji wenu alikatae andiko la namna hiyo hata likiwa limeandikwa vizuri.

MKIKWAMA

"Watu wamepungua, tumebaki watatu." Endeleeni. Watatu wanatosha kusomeana. Msihamishe siku ili kumfurahisha asiyekuja; aliyezoea siku ile atakosa.

"Mmoja anaongea muda wote." Mpe saa aishike. Imetusaidia mara mbili.

"Sina cha kuandika." Andika sentensi, "Leo asubuhi niliamka na..." na uendelee dakika tano bila kuinua kalamu. Bado? Nakili kwa mkono kurasa mbili za mwandishi unayempenda, daftarini, zisitoke humo. Mkono unajifunza.

"Kila ninachoandika kinageuka mahubiri." Kata aya ya mwisho. Mara nyingi mahubiri yamejificha pale. Yakibaki, kata na ya kwanza.

"Mume wangu anasema napoteza muda." Msomee andiko moja, lile linalomhusu mama yake. Usimweleze umuhimu wa kuandika, msomee tu.

"Vijana hawataki kusoma." Wasomee ninyi, kwa sauti, mwishie mahali pabaya. Pale pa hodi, kwa mfano.

"Daftari limepotea" au "simu imeibiwa na kila kitu kilikuwa humo." Fungua Yeremia 36. Baruku aliandika gombo zima kutoka kinywani mwa Yeremia, na mfalme Yehoyakimu akalikata kwa kisu kipande baada ya kipande, akalitupa motoni, mpaka likaisha. Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaandika upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Basi aliyepoteza asiachwe peke yake. Mtu mmoja wa kikundi aende kwake wiki hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijafifia. Mwenyewe asimulie, mgeni aandike. Na kuanzia hapo, kila kikao kikiisha, mwenye simu apige picha kurasa zote zilizoandikwa siku hiyo na kuzituma kwa mtu wa pili.